Ndege Iliyozaliwa Gerejini: Usanifu na Uwezo wa VariEze na Long-EZ

Miongoni mwa ndege ndogo ambazo watu wa kawaida wamewahi kujiundia katika gereji na mabanda ya nyumbani mwao, ni chache zilizotikisa fikra za wasanifu kama VariEze na ndugu yake mkubwa Long-EZ, ndege za viti viwili vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, ambazo mhandisi Mmarekani Burt Rutan alizibuni katika miaka ya 1970 huko Mojave, mji mdogo wa jangwani katika jimbo la California. Anayeziona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba zinaruka kinyumenyume, kwa maana bawa dogo limewekwa puani, bawa kubwa limesogezwa nyuma, injini imefungwa kisogoni mwa abiria pamoja na rafadha, yaani lile panga linalozunguka na kuisukuma ndege, na mkia haupo kabisa. Umbo hilo halikuchorwa ili kuwashangaza watu. Kila kiungo kilipata mahali pake baada ya msanifu kupima faida na hasara, na jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba hakuna sifa hata moja ya ndege hizi iliyopatikana bure: mwendo wake, usalama wake na umbali wake vyote vililipiwa kwa kukubali kukosa kitu kingine, na mtu anayeamua kuijenga ndege ya namna hii huyarithi mapatano hayo yote, ayajue asiyajue.

Rutan, aliyezaliwa mwaka 1943, alihitimu uhandisi wa ndege mwaka 1965 katika chuo cha California Polytechnic kilichoko San Luis Obispo, kisha akawa mhandisi wa majaribio katika kituo cha Jeshi la Anga la Marekani cha Edwards hadi mwaka 1972, ambako miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuchunguza jinsi ndege ya kivita ya F-4 inavyoponyoka mikononi mwa rubani na kuanza kuzunguka kama pia huku ikianguka. Haishangazi basi kwamba mtu aliyetumia miaka yake ya ujana kutazama maafa hayo kwa karibu alitaka kubuni ndege ndogo isiyoweza kuponyoka kwa namna hiyo. Ndege yake ya kwanza, VariViggen, aliijenga mwenyewe kwa mbao na ikaruka mwaka 1972. Kwa kuwa hakuwa na handaki la upepo, yaani chumba ambamo hewa hupulizwa juu ya kielelezo ili nguvu zake zipimwe, alikifunga kielelezo chake juu ya paa la gari na kuliendesha barabarani, upepo wa mwendo wa gari ukafanya kazi ya handaki. Baada ya kufanya kazi kwa muda katika kampuni moja ya ndege huko Kansas, alirudi California mwaka 1974 na kuanzisha Rutan Aircraft Factory huko Mojave, kiwanda ambacho, licha ya jina lake, hakikuuza ndege bali michoro na maelekezo ya kuzijenga.

VariEze, ambayo jina lake likitamkwa husikika kama maneno ya Kiingereza yenye maana ya "rahisi sana", iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Mei 1975 ikiwa na injini ya gari la Volkswagen iliyogeuzwa kuwa ya ndege. Miezi michache baadaye, katika mkutano mkuu wa wajenzi wa ndege unaofanyika kila mwaka Oshkosh katika jimbo la Wisconsin, Dick Rutan, kaka yake Burt na rubani wa zamani wa ndege za kivita, aliirusha kilomita 2,636 katika mzunguko uliofungwa, bila kutua, na kuweka rekodi ya dunia ya ndege zenye uzito usiofika kilo 500. Watu waliiona na wakaitaka. Hata hivyo injini ya gari haikuwa ya kutegemewa vya kutosha, na ndege ya pili ya mfano, iliyoruka Machi 1976, ilipewa injini halisi ya ndege, Continental O-200 yenye nguvu farasi 100. Michoro ya toleo hilo ndiyo iliyoanza kuuzwa Julai mwaka huohuo.

Injini hiyo inaupa uchambuzi kipimo kizuri, kwa sababu ndiyo hiyohiyo inayoiendesha Cessna 150, ndege ya mafunzo ambayo marubani wasiohesabika duniani walianza nayo. Cessna 150, ikiwa imejaa, ina uzito wa takriban kilo 726, mabawa yake yana eneo la karibu mita 15 za mraba, na mwendo wake wa juu ni kama kilomita 200 kwa saa. VariEze iliyojaa ina kilo 476, bawa lake kuu lina eneo la karibu mita 5 za mraba, na mwendo wake wa juu hufika takriban kilomita 310 kwa saa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana katika tarakimu, kwa kuwa nguvu inayohitajika kuushinda ukinzani wa hewa huongezeka kwa kadiri ya mchemraba wa mwendo: anayetaka ndege ileile iende mara moja na nusu ya mwendo wake wa awali hulazimika kuipa nguvu zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo Cessna 150 ingehitaji injini ya nguvu farasi zaidi ya 330 ili ifikie kilomita 300 kwa saa kwa umbo lake lilelile, na injini ya ukubwa huo ingeilemea mno kwa uzito. Rutan hakutafuta nguvu zaidi. Alitafuta namna ya kuondoa vitu vinavyoipinga hewa.

Ukinzani wa hewa una mizizi miwili. Wa kwanza hutokana na msuguano na umbo, na huongezeka kadiri ndege inavyokuwa na ngozi kubwa, vichwa vya misumari ya ribiti vilivyochomoza, nguzo za kushikilia mabawa na mwili mpana. Wa pili hutokana na kazi yenyewe ya kunyanyua, kwani bawa linaponyanyua, hewa yenye shinikizo kubwa chini yake hutoroka kwenye ncha na kupanda juu, ikiacha nyuma yake kimbunga kidogo ambacho ndege hukilipia kwa mafuta. Dhidi ya mzizi wa kwanza, VariEze ina mwili mwembamba ambamo watu wawili hukaa nusu wamelala, mabawa madogo, na ngozi laini isiyo na ribiti hata moja. Dhidi ya mzizi wa pili, ncha za bawa lake kuu zimekunjwa na kusimamishwa wima kama mikono iliyoinuliwa kuomba dua. Ncha hizo zilizosimama, zilizofanyiwa utafiti na Richard Whitcomb wa shirika la NASA, wakati huo zilikuwa bado hazijaonekana katika ndege za kibiashara. Leo abiria wa Dar es Salaam na Nairobi huziona kila wanapochungulia dirishani mwa ndege kubwa. Rutan alizipa kazi mbili, kwa maana zilipunguza kimbunga cha ncha na papo hapo zikawa mahali pa kufungia usukani wa kugeuzia ndege kushoto na kulia, jambo lililoondoa haja ya mkia.

Ubunifu mkubwa zaidi, hata hivyo, uko puani. Bawa dogo la mbele huitwa kanadi, kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya bata, kwa sababu ndege ya umbo hilo, ikiwa angani, hufanana na bata arukaye akiwa amenyoosha shingo. Wazo lenyewe ni la kale kama usafiri wa anga, kwani ndege ya ndugu Wright ya mwaka 1903 nayo ilikuwa na kiinuzi chake, yaani kibawa cha kuinua na kushusha pua, mbele. Katika ndege ya kawaida, mkia wa nyuma hufanya kazi ya kuisukuma ndege chini ili pua isizame, na bawa kuu hulazimika kuubeba mzigo huo wa ziada juu ya uzito wa ndege. Katika ndege ya kanadi, bawa la mbele na la nyuma yote mawili hunyanyua, na hakuna linalomtwika mwenzake. Lakini sababu iliyomvutia zaidi mtu aliyetoka Edwards ilikuwa usalama. Bawa lolote, likiinuliwa kwa pembe kali kupita kiasi dhidi ya hewa inayolijia, hufika mahali ambapo hewa hubanduka kutoka mgongoni mwake na unyanyuo hukatika ghafla. Rubani asiye mwangalifu anayepunguza mwendo mno huku akivuta pua juu, hasa anapogeuka karibu na ardhi kwa ajili ya kutua, huangukia katika hali hiyo, na bawa moja likikatika kabla ya jingine, ndege huanza kuzunguka kama pia. Ajali za namna hiyo zimewaua marubani wengi wa ndege ndogo.

Katika VariEze na Long-EZ, kanadi imepimwa na kutegwa kwa pembe ambayo huhakikisha kwamba ndiyo inayokatika kwanza. Rubani akivuta mkono wa usukani hadi mwisho, kanadi hupoteza sehemu ya unyanyuo wake, pua inashuka kidogo yenyewe, mwendo unaongezeka, kanadi inanyanyua tena, na ndege hubaki ikitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesinzia huku bawa kuu, ambalo halijafika kamwe kwenye kikomo chake, likiendelea kuibeba. Ni suluhisho lenye uzuri wa kipekee, kwa sababu halitegemei kengele, wala kifaa cha umeme, wala uhodari wa rubani. Kinga imo katika umbo lenyewe. Lakini imo kwa sharti moja, nalo ni kwamba kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo ndege ingetulia juu yake kama mizani, kisisogee nyuma kupita mpaka uliowekwa. Kikisogea, kanadi haitakuwa na mzigo wa kutosha kukatika kwanza, bawa kuu litapelekwa kwenye kikomo, na hapo hakuna kitu mbele wala nyuma cha kuirudisha pua chini. Ndiyo maana abiria amekalishwa karibu kabisa na kitovu hicho, ili kuwapo kwake au kutokuwapo kusibadilishe mizani, na ndiyo maana rubani mwepesi hutakiwa kuongeza uzito puani kabla ya kuruka.

Bei ya usalama huo hulipwa kwenye njia ya kurukia. Kwa kuwa bawa kuu limezuiwa lisifike kwenye uwezo wake wa mwisho, sehemu ya unyanyuo wake haitumiki kamwe, na kwa kuwa kanadi ndogo isingeweza kuimudu nguvu ya kuzamisha pua ambayo vibao vya kutulia huileta vinaposhushwa, bawa hilo halina vibao hivyo, ambavyo katika ndege nyingine husaidia kutua polepole. Matokeo yake ni ndege inayotua kwa kasi kubwa kuliko Cessna na inayohitaji njia ndefu, na njia yenyewe iwe ya lami. Magurudumu yake madogo hayapendi nyasi wala mashimo, na kila jiwe linalorushwa na gurudumu huelekea moja kwa moja kwenye rafadha iliyoko nyuma. Msomaji anayevifahamu viwanja vya changarawe vinavyohudumia mbuga na vijiji vya Afrika Mashariki ataelewa mara moja kwa nini ndege zenye bawa la juu na rafadha ya mbele ndizo zilizotawala huku.

Mvua nayo ilifichua udhaifu ambao michoro haikuutabiri. Umbo la kanadi ya kwanza, lililotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Glasgow, lilikuwa na ufanisi mkubwa mradi hewa iteleze juu yake bila kuvurugwa, lakini matone ya mvua, na hata wadudu waliopondeka kwenye ukingo wake, yalitosha kuuvuruga mtelezo huo, unyanyuo wa mbele ukapungua, na rubani akajikuta akivuta usukani ili pua isizame. Jawabu lilikuja miaka ya baadaye kutoka kwa John Roncz, mtaalamu wa maumbo ya mabawa, ambaye alibuni umbo jipya la kanadi lisilojali mvua, na wajenzi wengi wakazikata kanadi zao za zamani na kutengeneza mpya.

Umbo peke yake lisingewafikia watu wa kawaida kama namna ya kulijenga isingebadilika pia. Ndege za alumini zinadai vifaa vya kukunjia bati na maelfu ya ribiti. Ndege za faibaglasi, kabla ya Rutan, zilidai kalibu kubwa, ambazo huwa na maana kwa kiwanda kinachotengeneza ndege mia moja lakini si kwa mtu anayetengeneza moja. Rutan aliigeuza kazi hiyo kwa kuanza na kiini badala ya kalibu. Bonge la povu gumu la polistirini, jamii ya lile povu jeupe linalofungashiwa televisheni, hukatwa kwa waya uliopashwa moto kwa umeme, waya huo ukiongozwa na vigezo viwili vya mbao vilivyobandikwa kila upande, na kwa dakika chache bonge hilo huwa bawa lenye mgongo na tumbo lake kamili. Kisha vitambaa vya nyuzi za kioo hulazwa juu yake kwa tabaka na kuloweshwa kwa epoksi, gundi ya maji mawili ambayo ikichanganywa huanza kuwa ngumu. Nyuzi za kioo hubeba nguvu, povu huzizuia zisijikunje, na viwili hivyo vikishikana huwa kitu kigumu kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Wepesi wa maelezo hayo usimdanganye mtu. Epoksi na kiongezi chake hupimwa kwa mizani, kwa sababu uwiano ukikosewa gundi haitakauka ipasavyo hata ikisubiriwa mwezi mzima. Gundi ikizidi kwenye kitambaa, ndege huwa nzito bila kuwa imara, na ikipungua, nyuzi hazishikani. Mjenzi hutakiwa kuikamua kwa kipande cha plastiki hadi kitambaa kiwe kimelowa bila kung'aa. Povu la polistirini huyeyuka likiguswa na petroli, hivyo kuta za matangi hujengwa kwa povu la aina nyingine, na povu la uretani, linalotumika kuchongea mwili, halikatwi kamwe kwa waya wa moto kwa kuwa hutoa moshi wenye sumu. Baadhi ya wajenzi walipata mzio wa epoksi wa kudumu kwa kuigusa mikono mitupu na wakalazimika kuiacha kazi njiani. Kwa upande mwingine, nyuzi za kioo zina fadhila ambayo alumini haina: zikikauka huruhusu mwanga kupita, kwa hiyo mahali palipobaki bila gundi au penye kiputo cha hewa huonekana kama doa jeupe, na mkaguzi mwenye taa anaweza kuusoma uaminifu wa mjenzi kama anayesoma barua. Ndege nyingi za aina hii zimepakwa rangi nyeupe kwa sababu inayohusu uhai, kwani rangi iliyokolea inayofyonza joto la jua ingeweza kuilainisha epoksi na povu lililo chini yake.

Long-EZ, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1979 na ambayo michoro yake ilianza kuuzwa mwaka 1980, ilitokana na masomo ya VariEze. Wajenzi walikuwa wamezoea kuongeza injini nzito, stata na vifaa vya umeme katika ndege ambayo msanifu alitaka iwashwe kwa kuzungusha rafadha kwa mkono, na Rutan, badala ya kupigana nao, alichora ndege kubwa zaidi iliyokusudiwa kuibeba injini ya Lycoming O-235 ya nguvu farasi 115. Bawa lake lina upana wa karibu mita 8 kutoka ncha hadi ncha, na uzito wa ndege ikiwa tupu ni takriban kilo 322, ikijaa kilo 601. Gurudumu la mbele hukunjwa ndani hata ndege ikiwa imeegeshwa, ili pua iegemee chini na injini iliyoko nyuma isiiangushe kisogo, na hapo Long-EZ huonekana imepiga magoti kama ngamia anayesubiri kupakiwa. Sukani zake mbili za kwenye ncha hufunguka kuelekea nje tu, kila moja na kanyagio lake, hivyo rubani akikanyaga zote mbili kwa pamoja huwa breki ya hewani.

Uwezo ambao uliipatia sifa ni umbali. Matangi yaliyo kwenye mabega kati ya mwili na mabawa hubeba takriban lita 197 za mafuta, na rubani akiwa peke yake, akiipunguza injini hadi nusu au chini ya hapo, anaweza kwenda zaidi ya kilomita 3,000 bila kutua, kama safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Khartoum ikibaki akiba. Tarakimu hiyo inahitaji kusomwa kwa makini. Ukitoa kilo 322 za ndege tupu kutoka kilo 601 zinazoruhusiwa, zinabaki 279. Mafuta ya matangi yaliyojaa yana uzito wa karibu kilo 142. Kwa hiyo watu wawili na mizigo yao wanagawana kilo 137 tu. Na kwa kuwa ndege nyingi zilizojengwa majumbani zilitoka nzito kuliko ile ya mfano, watu wawili wenye miili ya wastani aghalabu hulazimika kuacha sehemu ya mafuta. Mwendo wa juu wa Long-EZ, karibu kilomita 298 kwa saa, ni mdogo kidogo kuliko wa VariEze ingawa injini yake ina nguvu zaidi, na hilo ndilo lililolipwa ili ipatikane nafasi ya mafuta.

Desemba 1979 Dick Rutan alikaa angani saa 33 na nusu katika Long-EZ, akazunguka kilomita 7,725 bila kutua. Safari hiyo iliwaonyesha ndugu hao kwamba njia waliyoishika ilikuwa haijafika mwisho wake, na kutoka kwayo ikazaliwa Voyager, ndege kubwa ya kanadi ambayo Dick Rutan na Jeana Yeager waliirusha kuizunguka dunia kuanzia tarehe 14 hadi 23 Desemba 1986, wakivuka Pasifiki, Bahari ya Hindi, bara la Afrika na Atlantiki bila kutua wala kuongezewa mafuta angani. Mwaka 1997 Dick Rutan na Mike Melvill, rubani mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye alipata ajira kwa Rutan baada ya kujijengea VariViggen yake mwenyewe, waliizunguka dunia kwa Long-EZ mbili, safari hii wakitua njiani. Melvill huyohuyo ndiye aliyekirusha chombo cha SpaceShipOne hadi anga za juu tarehe 21 Juni 2004, chombo kilichobuniwa na Rutan na kujengwa kwa ustadi uleule wa nyuzi na epoksi ulioanza kwa kukata povu kwa waya.

Sheria ya Marekani humruhusu mtu kujiundia ndege ikiwa sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, imefanywa na watu wanaojenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Ndege hiyo husajiliwa kuwa ya majaribio, hubandikwa onyo kwamba haikutimiza masharti ya ndege za kawaida, na kabla ya kumbeba abiria hutakiwa kuruka saa 25 au 40 katika eneo lililotengwa. Mjenzi huweza kupewa cheti cha kuifanyia ukaguzi wa kila mwaka ndege aliyoijenga mwenyewe, kwa hoja kwamba hakuna aijuaye kuliko yeye. Hoja hiyo ni ya haki, lakini ndani yake mna pengo, kwa sababu ndege huuzwa, na anayeinunua hanunui ujuzi wa yule aliyeijenga. Rutan aliona hatari ya aina hii mapema, na katika jarida lake la wajenzi aliwahimiza tena na tena wafuate michoro na wasibadilishe jambo bila kujua lilikuwa linalinda nini.

Tarehe 12 Oktoba 1997, mwanamuziki John Denver, rubani mwenye uzoefu wa miaka mingi, alifariki pale Long-EZ aliyokuwa ameinunua muda mfupi tu kabla ilipoanguka baharini karibu na Pacific Grove, California. Wachunguzi wa Marekani walibaini kwamba mjenzi wa ndege hiyo, kwa nia njema ya kuweka mabomba ya mafuta mbali na chumba cha rubani, aliihamisha vali ya kuchagulia tangi na kuiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani, bila alama yoyote, na kwamba vipimo vya mafuta navyo havikuwa na alama na vilikuwa nyuma yake, kiasi kwamba fundi alimpa kioo kidogo cha mkononi cha kuvitazamia. Alipokataa kuongezewa mafuta kabla ya kuruka, Denver alijiwekea muda mfupi tu kabla ya kulazimika kubadili tangi. Ili kuifikia vali hiyo alipaswa kuachia usukani na kuugeuza mwili wote kushoto, na mtu anayejigeuza hivyo katika kiti chembamba hujikaza kwa mguu wa kulia, ambao uko juu ya kanyagio la usukani wa kulia. Kwa maoni ya wachunguzi, hivyo ndivyo ndege ilivyomponyoka. Kanadi haikuwa na kosa, bawa halikuwa na kosa, wala epoksi haikuachia.

Rutan aliacha kuuza michoro mwaka 1985, lakini ndege zake zinaendelea kuuzwa kutoka mkono hadi mkono, na anayefikiria kuinunua mojawapo aanze kwa kukaa kwenye kiti cha rubani akiwa na michoro ya awali mapajani, alinganishe kila mkono, kila vali na kila bomba, na popote ndege inapotofautiana na karatasi atafute sababu kabla ya kuwasha injini. Katika karatasi za Long-EZ, vali ya mafuta imechorwa mbele ya kiti, kati ya miguu ya rubani, mahali ambapo mkono huifikia bila bega kugeuka.